Mwongozo Kamili: Kuandaa Mpango wa Kukuza Biashara Ndogo na Kuuongoza Mpaka Utekelezwe

Wafanyabiashara wengi wa Kigoma waliowahi kuandika mpango wa biashara waliuandika kwa ajili ya ofisa mikopo. Fedha ikishatoka, karatasi ile huingia kabatini, na maamuzi yote hurudi kichwani mwa mwenye biashara: bei ya mwaloni (pale mitumbwi inaposhusha samaki), nani akopeshwe, mzigo uende soko gani. Biashara inayoendeshwa hivyo haiwezi kupita nguvu za mtu mmoja, na siku mwenyewe akiugua, au akisafiri kwenda Dar es Salaam kufuatilia deni, kazi husimama. Mwongozo huu ni kwa wale waliojaribu kuongeza mzigo au kufungua tawi la pili wakajikuta wamerudi walikoanzia, safari hii wakiwa na deni.

Mfano utakaotumika ni wa biashara ya kukausha na kufungasha dagaa wa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa wengi wetu tunaifahamu, kuanzia Kibirizi mpaka Katonga na Ujiji. Mwenye kutengeneza sabuni ya mawese, fundi seremala au mama mwenye mgahawa pale Mwanga atafuata hatua zilezile kwa kubadilisha vipimo.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Madaftari makubwa matatu: la mauzo, la manunuzi na matumizi, na la wadaiwa.
- Mizani inayosoma sawasawa. Beseni na sado havitoshi kwa kazi hii.
- Kumbukumbu za miezi mitatu iliyopita: risiti, ujumbe wa malipo ya simu, hata vikaratasi vya vibarua.
- Kalenda ya mwaka inayoonyesha mwezi mchanga na mwezi mpevu.
- Orodha ya wateja wako wakubwa, pamoja na kiasi ambacho kila mmoja anadaiwa leo.
- Namba ya mlipakodi, leseni ya biashara na cheti cha jina la biashara kutoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), kama unavyo.
- Mtu mmoja anayeijua biashara yako na asiyeogopa kukwambia ukweli.

Usianze kama kumbukumbu hazipo kabisa. Anza kuandika leo, kila siku, kwa mwezi mzima, kisha urudi hapa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mpango uliojengwa juu ya makisio una hatari kubwa zaidi kuliko kukosa mpango, kwa sababu unampa mwenye biashara ujasiri asiostahili kuwa nao.

Hatua ya 1: Tenganisha fedha ya biashara na fedha ya nyumbani

Tenga laini moja ya simu, au lipa namba moja, kwa ajili ya mapato ya biashara pekee. Jipangie mshahara wa mwezi na uuchukue siku moja, kama mwajiriwa mwingine yeyote.

Sababu ni kwamba ada ya shule, mchango wa harusi na nauli ya mgonjwa vikitoka kwenye fedha ya mauzo, hutajua kama biashara inakula hasara au ni familia inayokula mtaji. Tahadhari kubwa iko kwenye bidhaa zenyewe. Kilo mbili zinazokwenda jikoni ziandikwe kama mauzo na zikatwe kwenye mshahara wako.

Utajua umefanikiwa utakapoweza kutaja, jioni yoyote, fedha ya biashara ni kiasi gani bila kwanza kukumbuka ulichonunua sokoni.

Hatua ya 2: Tafuta gharama halisi ya kilo moja

Hapa ndipo mipango mingi huharibika, kwa hiyo ipe hatua hii muda zaidi kuliko nyingine zote. Mfanyabiashara wa kawaida huchukua bei ya kuuzia, akatoa bei ya kununulia, akaita kinachobaki faida. Tuifanye hesabu hiyo kwa tarakimu za kufundishia, nawe uweke za kwako.

Umenunua kilo 350 za dagaa wabichi kwa shilingi 3,500 kila kilo, sawa na shilingi 1,225,000. Wakikauka vizuri utapata takriban kilo 100, kwa kuwa kilo tatu na nusu hivi za wabichi hutoa kilo moja ya wakavu. Unauza kilo kwa shilingi 18,000. Kwa hesabu ya haraka, 1,800,000 ukitoa 1,225,000 unabaki na 575,000, na ni tarakimu hii inayomshawishi mtu kukimbilia mkopo.

Sasa andika kila kitu. Vibarua wa kuanika na kuchambua, 60,000. Usafiri kutoka mwaloni, 25,000. Vifungashio, 80,000. Kusafirisha mzigo kwa mteja, 40,000. Ushuru na vibali, 20,000. Jumla ya gharama imefika shilingi 1,450,000.

Kisha chekecha mzigo na upime kinachobaki chini ya chekecheke. Vichwa vilivyokatika, chenga na mchanga ukivipima pamoja unaweza kukuta kilo sita, ambazo mteja wa pakiti hatazilipia. Kilo za kuuza ni 94, na kila moja imekugharimu takriban shilingi 15,426. Mauzo ni 1,692,000. Faida ya mzigo ni shilingi 242,000, chini ya nusu ya ile uliyokuwa ukiisadiki.

Hujamaliza bado. Kwa mizigo minne kwa mwezi utapata shilingi 968,000, na humo kuna kodi ya stoo 150,000, mshahara wa msimamizi 360,000, mshahara wako 300,000, umeme na simu 40,000. Hizi ni gharama za kudumu, jumla 850,000, nazo hulipwa hata kama ziwa halikutoa kitu. Kinachobaki kwa ajili ya kukua ni shilingi 118,000 kwa mwezi. Mwenye biashara hii akikopa fedha zenye marejesho ya shilingi 250,000 kila mwezi, na mizigo ikabaki minne, atakuwa akipungukiwa shilingi 132,000 kila mwezi huku watu wakimpongeza kwa kupanuka. Ili marejesho hayo yalipike anahitaji mizigo mitano, na kwa hiyo swali la kwanza la mpango wake ni kama mzigo wa tano unapatikana.

Tahadhari: usifanye hesabu kwa bei ya siku uliyonunua vizuri. Tumia wastani wa miezi mitatu, kisha ifanye tena kwa bei mbaya kuliko zote uliyowahi kununulia.

Dalili ya mafanikio ni kuwa na tarakimu mbili ulizoziandika ukutani: gharama ya kilo moja, na idadi ya mizigo inayolipia gharama za kudumu.

Hatua ya 3: Chora kalenda ya mwaka wa biashara yako

Mipango iliyonakiliwa kutoka mahali pengine hugawa mauzo ya mwaka kwa kumi na mbili, kana kwamba kila mwezi unafanana na mwenzake. Kwa dagaa jambo hilo haliwezekani. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa mwanga wa taa hupoteza nguvu, ndiyo maana mitumbwi mingi hupumzika siku za mwezi mpevu. Zichore siku hizo kwa rangi nyekundu kwenye kalenda, mwezi kwa mwezi.

Ongeza masika. Kuanzia mwisho wa mwaka mpaka kwenye Aprili au Mei mvua huchelewesha ukaushaji, na mzigo ulionyeshewa hushuka daraja. Ongeza Januari, ambapo shule zinafunguliwa na wateja wa rejareja wanabana matumizi. Ongeza pia uwezekano wa ziwa kufungwa: mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi mitatu ya gharama za kudumu katika mfano wetu ni shilingi 2,550,000. Asiye na akiba hiyo, au mzigo mkavu uliohifadhiwa vizuri, ataula mtaji wake bila kukosea jambo lolote kwenye uuzaji.

Siku nyekundu nazo zina kazi yake. Panga humo kukarabati chanja (meza za wavu au fito za kuanikia dagaa), kufungasha mzigo uliokwisha kukauka, kudai madeni na kuwatembelea wateja.

Umefanikiwa ikiwa kalenda inaonyesha miezi miwili au mitatu ambayo umekubali mapema kwamba mauzo yatashuka, na fedha ya kuivusha imetajwa inatoka wapi.

Hatua ya 4: Chagua njia moja tu ya kukua

Njia zilizo wazi kwa biashara ya namna hii ni nne: kuuza zaidi kwa wateja uliokwisha kuwa nao, kupandisha ubora ili upate bei nzuri zaidi, kuingia soko jipya kama Tabora au Dodoma, au kuongeza bidhaa nyingine kama mawese. Chagua moja kwa mwaka mmoja.

Kila njia inadai mtaji wa mzunguko wake na macho yake ya kuisimamia. Mwenye kuzifuata mbili kwa pamoja hawezi kujua ipi ilimpa faida, na mara nyingi ile nzuri hugharimia ile mbaya mpaka zote zinakufa.

Kwa maoni yangu, kwa wafungashaji wengi wa dagaa walio wadogo, njia ya ubora ndiyo ya kuanzia. Dagaa walioanikwa juu ya chanja wanang'aa, huvunjika kwa mlio ukiwakunja, na hawatii mchanga menoni, wakati wale wa kuanikwa chini huuzwa kwa bei ya kujadiliana. Chanja haihitaji soko jipya wala tawi. Inapunguza zile kilo sita za chini ya chekecheke na kukupa haki ya kudai shilingi ya ziada kwa mteja yuleyule. Shilingi 1,000 zaidi kwa kilo, katika mfano wetu, ni shilingi 94,000 kwa kila mzigo.

Tahadhari: soko jipya mara nyingi hufunguliwa kwa mali kauli, yaani mzigo unatolewa sasa na kulipwa baadaye. Usimpe mteja mgeni mzigo ambao, asipoulipa, utashindwa kununua mzigo unaofuata. Mwandikie kiasi, tarehe ya kulipa na saini, na usimwongezee kabla hajamaliza.

Hatua ya 5: Andika mpango kwenye ukurasa mmoja

Mpango wa kurasa arobaini hausomwi mwaloni. Andika ukurasa mmoja wenye mambo sita: lengo lenye kipimo, tarehe ya mwisho, fedha itakayotumika, mtu anayehusika kwa jina, kipimo kitakachoangaliwa kila wiki, na kikomo cha kusimama.

Kwa mfano: «Ifikapo Juni 30, mzigo wote uanikwe juu ya chanja na uuzwe kwa shilingi 19,000 kwa kilo. Fedha: shilingi 700,000 kutoka akiba. Anayehusika: msimamizi. Kipimo: kilo za chenga kwa kila mzigo. Kikomo: baada ya mizigo minane, chenga zikizidi kilo nne au bei ikigoma chini ya 18,500, tunasimama na kuchunguza.»

Kikomo cha kusimama ndicho ambacho watu hawapendi kukiandika, nacho ndicho kinachookoa mtaji. Kiandike ukiwa umetulia, kabla hujamwaga fedha.

Ili ujue kama ukurasa huo umekamilika, mpe mfanyakazi wako ausome peke yake, kisha akueleze kwa maneno yake anatakiwa kufanya nini Jumatatu.

Hatua ya 6: Gawa madaraka kwa mipaka iliyoandikwa

Mpango ukiwa mzuri kiasi gani, hautatekelezwa na mtu mmoja anayejibu simu kwa kila jambo. Hapa ndipo uongozi unapoanza, na ndipo wengi tunapoona uchungu, kwa kuwa kumwachia mtu mwingine fedha uliyoihangaikia kunahitaji moyo.

Usimwambie msimamizi «tumia akili yako». Mpe mipaka ya tarakimu. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya 2: dagaa wabichi wakinunuliwa kwa 3,600, faida ya mzigo ni shilingi 207,000, wakifika 3,900 inashuka mpaka 102,000. Kwa hiyo andika hivi. Mpaka shilingi 3,600 kwa kilo, msimamizi ananunua bila kuuliza. Kati ya 3,600 na 3,900 anapiga simu. Zaidi ya 3,900 hanunui, hata kama gari la mteja limeshafika. Fanya vivyo hivyo kwa mkopo kwa wateja, kwa malipo ya vibarua na kwa punguzo la bei.

Kisha heshimu mipaka hiyo wewe mwenyewe. Msimamizi akinunua kwa 3,550 na kesho yake bei ikashuka, hana kosa. Ukimgombeza siku hiyo mbele ya vibarua, kuanzia hapo atakupigia simu kwa kila beseni, na utakuwa umerudi ulikokuwa. Akikosea, mwite pembeni na umuulize kwanza: «Kaka, nieleze ilivyokuwa asubuhi mpaka ukafikia bei hiyo.» Utaambiwa mambo ya mwaloni ambayo daftari halina.

Suala la ndugu linahitaji uangalifu wa pekee. Hakuna ubaya kumwajiri mpwa au shemeji, mradi apewe kazi inayotajwa kwa jina, mshahara unaojulikana, na mipaka ileile ya wengine. Asiyeweza kuulizwa kuhusu fedha kwa sababu ya ukoo asishike fedha. Mpe kazi nyingine. Tenganisha pia anayenunua na anayetunza daftari, hata kama mmoja wao ni wewe.

Kila mfanyakazi wa kudumu awe na mkataba wa maandishi, na umsajili NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwanzoni inaonekana ni gharama, lakini msimamizi mzuri ambaye haoni kesho yake kwako atajifunza kazi kisha aende kufungua stoo ya jirani.

Kipimo cha hatua hii ni kimoja: ondoka kwa siku tano, usipige simu zaidi ya mara moja kwa siku, na ukirudi ukute mizigo imenunuliwa ndani ya mipaka na daftari limejaa.

Hatua ya 7: Fanya kikao kifupi kila wiki

Chagua siku moja, kwa mfano Ijumaa baada ya sala au Jumamosi jioni, na isibadilike. Nusu saa inatosha. Soma tarakimu tano kwa sauti mbele ya wote: kilo zilizonunuliwa, kilo zilizouzwa, chenga, fedha iliyopo, na madeni yaliyopitiliza tarehe. Kisha kila mmoja aseme kilichomkwamisha, na iandikwe nani atakitatua na lini.

Epuka kukigeuza kikao kuwa mahakama. Mwanikaji akijua kwamba kusema «mzigo ulinyeshewa» kutamletea matusi, atauchanganya na mkavu, na utapata habari hiyo kutoka kwa mteja wa Dodoma.

Hatua ya 8: Sasa tafuta mtaji

Hatua hii imewekwa karibu na mwisho kwa makusudi. Kabla ya hatua ya 2 hukujua kiasi unachohitaji, na kabla ya hatua ya 3 hukujua ni miezi gani hutaweza kulipa.

Anza na fedha yako iliyolala: dai madeni, uza bidhaa zilizokaa, kisha ndipo utazame nje. VICOBA na SACCOS, yaani vikundi na vyama vya kuweka na kukopa, hufaa kwa mahitaji madogo ya mzunguko. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulizia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako, ukijua kwamba wanawake na vijana hukopa kwa vikundi, hivyo ubora wa wenzako ni sehemu ya dhamana yako. Ofisi ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) mkoani husaidia katika mafunzo, mashine na mikopo, na mfungashaji mdogo anayetafuta alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango) aanzie huko kwa ushauri na utambulisho.

Unapozungumza na benki, omba ratiba ya marejesho inayolingana na kalenda yako. Ukiwa na madaftari na kalenda mkononi, ombi hilo lina uzito. Usikubali rejesho linalozidi nusu ya fedha inayobaki katika mwezi wa kawaida baada ya gharama zote. Katika mfano wetu nusu hiyo ni shilingi 59,000, na kama mkopo unaotakiwa unadai zaidi, kinachopaswa kukua kwanza ni faida ya mzigo.

Hatua ya 9: Pitia mpango kila baada ya miezi mitatu

Kaa na yule mtu asiyeogopa kukwambia ukweli, msimamizi akiwepo. Rudia hesabu ya kilo moja kwa bei za sasa, linganisha vipimo na ukurasa wa mpango, kisha mfanye uamuzi mmoja kati ya mitatu: kuendelea, kurekebisha, au kusimama kwa mujibu wa kikomo mlichoandika.

Tawi la pili, kama bado unalitamani, lifikirie baada ya robo mbili mfululizo ambazo lengo limefikiwa, madeni yaliyopitiliza hayazidi thamani ya mzigo mmoja, na umeshafaulu kipimo cha siku tano za hatua ya 6. Wa kwenda kulisimamia awe mtu aliyekwisha kufanya kazi ndani ya mipaka yako, na pale alipotoka pawe na aliyefundishwa kushika nafasi yake.

Uamuzi ukishafikiwa, andika ukurasa mpya, weka juu yake tarehe ya mapitio yajayo, na mpe msimamizi nakala siku hiyohiyo pamoja na mipaka mipya ya bei, kwa sababu hiyo ndiyo atakayonunulia kesho.